Mtumbwi wa Pombe Darasani

Siku niliyoagwa kazini, walimu vijana wa kitengo chetu cha elimu maalumu walinizawadia kiti cha kuegemea chenye mito. Nikakaa, nikaegemea, nikaanza kucheka peke yangu, nao wakadhani ni furaha ya kiti. Kiti ni kizuri, sina neno. Ila nilikuwa nimekumbuka kiti kingine, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona, na bila hicho, kitengo wanachofundisha leo huenda kisingekuwapo. Mwalimu mmoja akaniambia, "Mama, hayo ya zamani uyaandike." Basi nayaandika.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara ninyi wenyewe mnaujua. Nitaeleza jinsi kazi yenyewe ilivyoanza, maana wengi wenu mnafikiri ilianza na semina.

Mimi ni Zaituni, mzaliwa wa Nyamahanga kule Biharamulo, mtoto wa mkulima Mwislamu aliyekuwa na shamba la mihogo na maoni juu ya kila kitu. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa Ngara, kata ya Nyakisasa, shule ya msingi ambayo jina lake naliacha, maana wapo wajukuu wa watu nitakaowasema. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Barabara ilikuwa na malori ya msaada mchana kutwa, na mimi nilifika juu ya mojawapo, nimekalia magunia ya mahindi, mweupe wa vumbi kuanzia kope hadi kandambili. Watoto wa pale shuleni waliniona nikishuka wakakimbilia kwa Mwalimu Mkuu kumwambia kwamba kuna mkimbizi amepotea njia.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa haki na mtu wa utaratibu, na vitu hivyo viwili vilikuwa vikimgombanisha na nafsi yake. Akanipa darasa la kwanza, chaki, na onyo kwamba paa linavuja upande wa dirishani.

Siku ya kuandikisha watoto wapya akaja mama mmoja, Selestina, amebeba mgongoni binti mkubwa kuliko mtoto yeyote wa kubebwa. Miguu ya binti ilikuwa inaning'inia mpaka magotini pa mama yake. Alikuwa anaitwa Odilia. Alizaliwa na mtindio wa ubongo: mikono imekaza, shingo haina nguvu, maneno hayatoki. Siku zake zote alikuwa amelazwa kwenye mkeka, akitazama paa la nyasi.

"Mama, huyu atasoma na nini?" Mwalimu Mkuu akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya.

"Na akiri yake, mwarimu," Selestina akajibu.

Mimi nilikuwa pembeni nachonga penseli. Nikasema kwa adabu kwamba sheria inataka kila mtoto aliyefikia umri aende shule.

"Sheria inasema kila mtoto," Mwalimu Mkuu akaniambia. "Haikusema kila mtoto mlemavu."

"Wala haikusema kila mtoto mwenye miguu, Mwalimu."

Nilikuwa mgeni, na mgeni hana adabu ya kunyamaza. Mwalimu Mkuu akanitazama, akamtazama Odilia, akavua miwani akaifuta, kazi aliyokuwa akiifanya kila haki na utaratibu vilipogombana. Kisha akatoa hukumu. Darasani watoto huketi. Hawezi kumwandika mwanafunzi wa kulala sakafuni, watoto wenzake wakimruka. Ila siku Odilia akiketi, atamwandika. Hadi mkaguzi atakapokuja muhula ule, kama hajaketi, jambo hilo lisirudi tena ofisini kwake.

Selestina alimfunga binti yake mgongoni, akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Alikwisha kwenda kambini kuomba msaada wa mtoto, kwa kuwa alisikia kule watoto kama Odilia wana mahali pao na viti vyao. Wakamwambia ni kwa ajili ya wakimbizi. Basi kambini alikataliwa kwa kuwa ana kwao, na shuleni alikataliwa kwa kuwa mtoto hajui kuketi. Alilieleza hilo huku anacheka, kama mtu anayesimulia kituko cha jirani.

Jumamosi nikaazima baiskeli nikaenda kambini mwenyewe. Huko ndiko nilikompata mwalimu wangu wa kweli. Jina lake Melkiori, Mrundi, fundi wa viungo aliyesomea kazi hiyo hospitalini kwao kabla vita havijamtoa. Alikuwa na hema la turubai lenye watoto wengi na kelele nyingi, na ndani yake kila mtoto ameketi. Nilisimama mlangoni nikitazama. Sikuwahi kuona watoto wa namna ile wameketi. Niliwahi kuwaona wamelazwa tu, au nilisikia tu kwamba wapo.

"Mwarimu, usisimame juu yao kama mti," Melkiori akaniambia. "Piga magoti. Mtu wa kuongea naye ni lazima umwone macho."

Hilo likawa somo la kwanza. Mengine nayaandika kama alivyonipa, katikati ya kazi, mikono yake ikiwa na unga. Usimwinue mtoto kabla hujamwambia kwamba unamwinua. Kijiko kiingie chini kidogo, kikandamize ulimi, usimmiminie. Ukiuliza swali, nyamaza. Mwili wake una safari ndefu kuliko wako kulifikisha jibu. Na usijifanye unamjua mtoto kumzidi mama yake. Nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile, na nyingine zilikuwa na chakula kizuri, lakini sikumbuki iliyoongeza jambo la sita.

Viti vyake alivitengeneza kwa makaratasi. Mbao zilikuwa adimu. Miti yote ya karibu na kambi ilikwisha ingia jikoni. Lakini maboksi ya msaada yalikuwa mengi, na Melkiori aliyachana, akayapaka uji wa unga, akayabandika safu juu ya safu, akayaanika juani hadi yakawa magumu kama ubao. Akanifundisha, akanipa maboksi nikayafunga nyuma ya baiskeli, nikarudi Nyakisasa nikiwa fundi.

Kiti changu cha kwanza kilikuwa kizuri. Mwalimu Mkuu mwenyewe alikigonga kwa kidole akasema, "Kumbe." Nikakiacha darasani Ijumaa. Jumamosi mvua ikanyesha, paa likavuja upande wa dirishani kama nilivyoonywa, na kiti kikalainika. Jumapili watu wote walikuwa kanisani isipokuwa mimi, niliyekuwa nafua, na mbuzi, waliokuwa wanatafuta kifungua kinywa. Walipita mlango uliokosa komeo wakakuta karatasi iliyolowa uji. Jumatatu asubuhi nikaenda ofisini kueleza kwamba mbuzi wamekula kiti cha mwanafunzi. Mwalimu Mkuu alifuta miwani kwa muda mrefu.

Nikatengeneza cha pili, nikakiweka kwangu ndani. Hicho walikianza mchwa kwa chini, taratibu, bila kelele, na Odilia alipoketishwa juu yake kikazama kama mkate kwenye chai. Yeye aliliona jambo hilo la kuchekesha sana. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kinene cha tumboni, na Selestina akaniambia, "Huyu anapenda watu wakiharibu kazi."

Wakati tunakusanya vipande, Selestina akasema kuna kitu kilichochongwa kwa gogo moja, kina kuta pande zote, mchwa hawakiwezi na mbuzi hawakili. Nikamwuliza ni nini. Akaniambia ni mtumbwi wa Mzee Bagaya.

Kwa asiyejua Ngara, huo si mtumbwi wa majini. Ni wa kukamulia ndizi za pombe. Umechongwa kama mtumbwi kwa kutoboa gogo zima, na ndani yake ndizi mbivu hukandwa kwa majani mpaka maji yatoke; Wahangaza, wenyeji wa Ngara, na Warundi wote huuita umuvure. Si kila kaya inao. Mwenye nao huwaazima wenzake, na desturi yao ni kwamba pombe ikiwa tayari, kabla mtu yeyote hajaonja, kibuyu cha kwanza ni cha mwenye mtumbwi. Mimi sikuijua desturi hiyo. Nyumbani kwetu pombe haikuwa ikitajwa hata kwa mfano.

Mzee Bagaya tulimkuta anapalilia migomba, mzee mrefu mwenye masikio makubwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwarimu. Marahaba, Serestina. Mmeleta ndizi?"

Selestina akamweleza kwamba tunauomba mtumbwi tumketishe Odilia shuleni. Mzee akaegemea jembe. Hakushangaa sana, watu wa umri wake walikwisha ona vita, malori na mahindi ya njano, hakikubaki cha kushangaza. Akauliza swali moja tu.

"Kibuyu changu kitakuwa nini?"

Mimi nikadhani anatania. "Utakipata, Mzee," nikasema, "usiwe na wasiwasi."

Selestina alinigeukia haraka, lakini neno lilikwisha toka. "Mwarimu amesema," Mzee Bagaya akasema, akarudi kwenye migomba yake.

Vijana wanne wa jirani wakauleta kwa mabega, wakaimba njia nzima kama kawaida ya kubeba mtumbwi, kwa hiyo watu wakatufuata wakijua kuna karamu. Tukauweka darasani juu ya matofali. Melkiori aliomba kibali cha kutoka kambini akaja siku hiyo hiyo, akauzunguka, akaingia ndani akakaa mwenyewe akiwa amekunja magoti, akatoka akasema ni kiti bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza na kwamba kinamkera. Tukajaza magunia ya nyasi pembeni yashike kiuno, tukakunja blanketi la kijivu liwe chini ya magoti, tukaweka ubao juu ya kingo mbili ukawa meza. Nikapiga magoti, nikamwambia Odilia, "Nakuinua," nikamwinua, nikamweka.

Akaketi. Kichwa kikayumba, kikatulia. Akalitazama darasa lote kutoka ukuta hadi ukuta, taratibu, na darasa likamtazama. Selestina akageukia dirishani akasema moshi unamuumiza macho, na hapakuwa na moshi wowote.

Mwalimu Mkuu alimwandika siku ile. Nampa haki yake: hakusubiri aambiwe mara mbili.

Siku iliyofuata jua likawaka, na mti uliokunywa maji ya ndizi tangu ujana wa Mzee Bagaya ukaanza kunukia. Kwanza wakaja nyuki. Nikatoa watoto wote nje, nikambeba Odilia, na tukaendelea na somo uwanjani huku Mwalimu Mkuu akifukiza darasa kwa majani mabichi. Mchana wakaja wanaume watatu waliokuwa wanapita njia, wakabisha hodi kwa heshima, wakauliza pombe ya shule inatolewa lini. Kisha katekista akaja kuhakikisha uvumi fulani.

Nikausugua mtumbwi ule kwa majivu na maji ya moto, siku baada ya siku, mimi binti wa Kiislamu, watu wakipita dirishani wakinipa pole. Nilipokwenda Nyamahanga likizo fupi ya katikati ya muhula nikaona nimweleze baba mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Akasikiliza hadithi yote bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake.

"Umeuosha?" akauliza.

"Kwa majivu, baba. Mpaka vidole vikachunika."

"Basi ni mti tu," akasema. "Mfundishe mtoto."

Sasa kumfundisha. Hapo nilikwama. Odilia aliketi, alisikia, alicheka wenzake walipokosea, lakini nitajuaje anachokijua? Hakuweza kuandika wala kutamka. Nilimwekea herufi, nikamwonyesha, nikasubiri mkono ambao hauji. Wiki zikapita. Nikaenda kumlalamikia Melkiori, naye akaniuliza kama nimekwisha muuliza mama yake. Sikuwa nimemuuliza.

Selestina akashangaa. "Mbona anajibu," akasema. "Odiria, una kiu?"

Odilia akanyanyua nyusi.

Wenyeji mtacheka, na mna haki. Huku mtu akikubali jambo mara nyingi hafungui mdomo. Hunyanyua nyusi, basi. Mgeni akiuliza dukani kama sukari ipo, husubiri jibu mpaka anakasirika, na kumbe amekwisha jibiwa. Odilia alikuwa akisema ndiyo kama Mhangaza mwingine yeyote, tangu mdogo. Alipolala kwenye mkeka, uso umeelekea paani, hakuna aliyeuona isipokuwa mama yake. Na mimi, Msubi wa Biharamulo, nilikuwa nautazama uso ule kila siku nikisubiri mkono.

Kuanzia hapo tulikwenda mbio. Nikaandika tarakimu ubaoni, nikawa napitisha fimbo kwenye moja baada ya nyingine, na ikifika kwenye jibu nyusi zinapanda. Kisha herufi. Watoto wenzake waliizoea lugha hiyo kunizidi. Wakaanza kunijibu maswali kwa nyusi nao, nikalazimika kupiga marufuku.

Basi tukakaribia mwisho wa muhula. Habari ikaja kwamba mkaguzi yuko njiani, na wiki hiyo hiyo Mzee Bagaya akatokea mlangoni akiwa na kanzu ya Jumapili na wale vijana wanne nyuma yake. Mwanawe alikuwa anaoa binti wa kule Mbuba. Ndizi zilikwisha fukiwa shimoni ziive. Harusi bila mtumbwi haisogei, na mtumbwi mkubwa kuliko wote mlimani pale ulikuwa darasani kwangu una mtoto ndani.

Mwalimu Mkuu, ni lazima niseme, alipumua. Mkaguzi kukuta chombo cha pombe darasa la kwanza lilikuwa jambo lililomkosesha usingizi. "Mali ya watu, Mwalimu Zaituni," akaniambia kwa upole. "Mtoto akipata kiti kingine, atarudi." Kiti kingine hakikuwapo. Yeye alijua, mimi nilijua, na Selestina, aliyekuwa amekuja na uji wa mtoto, alijua kuliko sisi. Alikwisha weka bakuli chini na kufungua kanga yake, tayari kumbeba mgongoni.

"Mzee," nikasema, "tunaomba mwaka uishe."

"Mwarimu, mimi sikatai kuazima," Mzee Bagaya akasema. "Lakini mtumbwi wangu umekaa kwako muda wote huu, na sijaona kibuyu. Uliniahidi."

Hapo ndipo Selestina aliponieleza desturi ile, kwa sauti ya chini, nikaelewa ni ahadi gani niliyoitoa pale kwenye migomba. Nikahisi joto mpaka masikioni. Nikamwambia Mzee kwamba kilichokandwa humu ni kusoma, sina kitu kingine cha kumpa. Kama anakubali, aonje hicho.

Akafikiri. "Naonja," akasema. "Lakini wewe kaa nje, mwarimu. Na Serestina pia. Mpishi hasimami karibu na anayeonja."

Tukasimama dirishani. Mzee akaivua kofia yake, akaangalia huku na huku, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: akapiga magoti mbele ya mtumbwi mpaka macho yake yakalingana na ya Odilia. Mzee wa watu, na kanzu yake ya harusini, kwenye sakafu ya udongo.

"Nina mbuzi watano," akamwambia. "Wawili nawapeleka Mbuba kwa wakwe. Nabaki na wangapi?"

Akachukua fimbo yangu akaigusisha kwenye tarakimu ubaoni. Moja. Mbili. Mkono wake ulikwenda kasi. Nikajiuma kidole nisipige kelele kwamba asubiri. Tatu. Nne. Odilia hakunyanyua kitu. Tano. Hakuna. Mzee akashusha fimbo, na Mwalimu Mkuu akainamisha kichwa.

Ndipo Mwalimu Mkuu akasema, "Mzee, pole pole. Jibu lake lina safari ndefu." Yalikuwa maneno ya Melkiori, niliyokuwa nikiyarudia ofisini mpaka yeye akachoka. Sikujua kwamba aliyashika.

Mzee akaanza upya. Moja, akasubiri. Mbili, akasubiri. Tatu. Nyusi za Odilia zikapanda mpaka zikakaribia nywele.

"Mmoja wa hao amezaa mapacha," Mzee akasema mara moja, kama mtu anayefanya biashara.

Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye tano zikapanda, na safari hii Odilia akacheka kile kicheko chake kinene.

Mzee Bagaya akabaki amepiga magoti. "Huu mtumbwi ni wangu?" akamwuliza taratibu.

Odilia akanyanyua nyusi. Ndiyo.

"Niuchukue leo?"

Tukasubiri. Mzee naye akasubiri, alikwisha jifunza. Odilia alimtazama machoni, nyusi zimetulia kabisa, na hakuzinyanyua.

Mzee akajishika ukingo wa mtumbwi akainuka, akapangusa magoti ya kanzu. Akawaambia wale vijana wanne warudi nyumbani. "Pombe ikiwa bado ndani," akasema, "mtumbwi hauondolewi. Nani asiyejua hilo?" Selestina akafunga kanga yake upya, safari hii bila mtoto, akachukua bakuli la uji akaingia kumlisha binti yake. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikalia, na sikusingizia moshi.

Kwa harusi ya mwanawe Mzee aliazima mtumbwi mdogo wa jirani, akakamua mara mbili mbili, akaulalamikia mbele ya wageni wote hadi karamu ikaisha. Mkaguzi alikuja siku chache baadaye. Akasimama mbele ya mtumbwi, akanusa, akauliza hiki ni kitu gani. Nilikwisha andaa maelezo marefu yenye sheria ndani yake, lakini Mwalimu Mkuu akanitangulia.

"Hilo ni dawati la Odilia," akasema, na hakufuta miwani.

Odilia alikaa ndani ya dawati lile mpaka miguu yake ikawa mirefu na magoti yakagonga ubao. Kila mwisho wa muhula Mzee Bagaya alikuja kuonja, akapiga magoti, akauliza habari za mbuzi, ambao kwa hesabu zake wangekuwa wameijaza wilaya. Na kwa sababu mtoto mmoja alikuwa ameketi, wazazi wengine wakaanza kuwatoa wa kwao vyumbani, mmoja kutoka bondeni, mwingine kutoka mbali huko. Hicho ndicho kitengo mlichokirithi. Melkiori, kabla hajarejea kwao, alipata mbao hatimaye, akatuachia kiti cha kweli chenye magurudumu ya baiskeli. Tuliagana barabarani kwa kushikana mikono tu. Sikumwona tena. Lakini kila ninapomwona mmoja wenu akipiga magoti mbele ya mtoto bila kufikiri, namwona yeye. Odilia mnamjua: ni yule dada anayekuja kwenye mikutano ya wazazi na ubao wake wa herufi, anayetuchelewesha sote kwa kuwa ana maoni mengi.

Siku tuliyourudisha mtumbwi, vijana waliubeba wakiimba. Baada ya muda Mzee Bagaya alituita nyumbani kwake, mimi, Selestina, Odilia na Mwalimu Mkuu. Alikuwa amekamua ndizi ndani yake kwa mara ya kwanza tangu atuazime mtumbwi ule, na kwa ajili yangu akatoa maji yake asubuhi hiyo hiyo, matamu, kabla hayajachacha. Kibuyu kilikuwa mbele yake. Wazee wenzake walikuwa wamekaa kwenye vigoda, na kila mtu alijua nani anatangulia.

Mzee akaomba kijiko. Akakichovya kibuyuni, akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu, akamwambia Odilia, "Nakunywesha," akakiingiza chini kidogo kama nilivyokuwa nikifanya mimi, na akasubiri mpaka akameza.

Mzee mmoja akakohoa. "Bagaya," akasema, "si mwenye mtumbwi ndiye anayeanza?"

"Ndiye huyo ameanza," Mzee Bagaya akajibu, na ndipo akanipa mimi kibuyu.